Koti la Mwalimu Bardazzi

Siku ya kuchukua karatasi za walimu, Pan Suqin alivaa viatu ambavyo kwa kawaida alivitunza kwa ajili ya harusi za watu. Vilimbana vidole, lakini shule ni shule. Mumewe, Xu Dehai, alibaki karakanani kumalizia mzigo wa makoti ambao tajiri alikuwa ameupigia simu mara tatu tangu asubuhi. Alisema maneno yale yale ya kila mwaka: aende yeye, amsikilize mwalimu vizuri, amshukuru. Basi Suqin akatoka na binti yake Lanyi, wakaenda kwa miguu kutoka mtaa wa viwanda hadi shuleni, mama mbele na binti nyuma, baridi ya Desemba ya Prato ikiwauma masikio.

Lanyi alikuwa na miaka kumi na mitano na bado alikaa darasa moja na watoto wa miaka kumi na mitatu. Alipoletwa Italia kutoka kwa bibi yake kule Rui'an, Uchina, miaka minne nyuma, hakujua hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, wakamrudisha madarasa mawili. Sasa alikuwa anamaliza shule ya kati, na Januari kila mzazi angemwandikisha mwanawe shule ya juu. Lanyi alikwisha chagua yake moyoni. Ilikuwa liceo ya sayansi, ile yenye ngazi za mawe karibu na ukuta wa mji wa kale, ambayo wanaotoka humo huenda chuo kikuu. Aliitaja mezani kama wasichana wengine wanavyomtaja mchumba, kwa sauti ya chini na macho ndani ya bakuli.

Mwalimu Bardazzi ndiye aliyekuwa mwalimu wao wa Kiitaliano na msimamizi wa darasa. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua. Alizungumza polepole, akisubiri Lanyi amtafsirie mama yake kwa lugha ya kwao.

"Mwalimu anasema mimi nina bidii," Lanyi akasema. "Anasema hesabu na sayansi sina tatizo."

Suqin akatikisa kichwa juu na chini, akasema ndiyo, ndiyo, ahsante, kwa Kiitaliano.

"Anasema Kiitaliano changu hakitoshi kwa liceo. Kule kuna Kilatini, kuna falsafa, nitaumia. Walimu wote wamekaa wakaona shule inayonifaa ni ya ufundi wa mavazi." Binti alitafsiri yote bila kupunguza hata neno, kama karani anayesoma hukumu ya mtu mwingine. "Anasema sisi watu wetu tumejaliwa mikono."

Suqin akatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo, ahsante. Kule alikolelewa, mwalimu akisema nawe unatikisa kichwa ili ajue unamsikiliza, hujasinzia. Ni adabu tu, kama kumpokea mgeni mzigo. Lakini Mwalimu Bardazzi aliona mzazi aliyekubali, na uso wake ukalegea kwa nafuu. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, hayakuja. Akageuza karatasi, akamwekea Suqin kalamu mkononi. Suqin akasaini kwa herufi za kwao, nzuri, zilizonyooka. Mambo yote hayakuzidi dakika saba.

Walirudi kwa miguu mpaka darajani.

"Mama, umesaini."

"Mwalimu alinipa kalamu."

"Ile ni karatasi ya ushauri. Imeandikwa pale juu kabisa."

"Nimesikia ni ushauri. Sasa mwalimu akikushauri unafanyaje, unamrushia usoni?"

Lanyi naye alilelewa na bibi kwa adabu ile ile. Akaangalia maji ya mto yanapita. Suqin akaona mabega ya mwanawe yanatetemeka, akajifanya anarekebisha kiatu.

*

Dehai aliisoma ile karatasi akiwa amesimama mbele ya mashine yake, yaani aliiangalia tu, maana Kiitaliano chake kiliishia kwenye rangi, vipimo na matusi ya madereva wa malori. Alikuwa ameshona katika mji huu miaka kumi na minane. Alipoelezwa, aliikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni. Akasema, "Basi, mwalimu amekwisha sema," akakanyaga mashine.

Usidhani hakuumia. Kwao, mtoto akimaliza shule ya kati, mtihani huwagawa watu kama ungo unavyogawa mchele na pumba, na aliyeangukia upande wa pumba hakati rufaa. Yeye mwenyewe aliangukia huko. Alikwenda nyumbani siku ile, baba yake akampa cherehani, na habari ikaishia hapo. Kila koti aliloshona Italia alilishona ili mtoto wake asikalie kiti kile cha cherehani, na sasa kiti kilikuwa kinaletwa na mwalimu mwenyewe, kimefutwa vumbi.

Aliyeleta akili mpya alikuwa Meijuan, mama wa makamo aliyeshona mashine ya pili kutoka kwa Suqin na aliyejua mambo ya watu wote mtaani. Aliuliza kama Suqin alikwenda shuleni na kitu chochote mkononi. Suqin akasema alikwenda na mwanawe tu.

"Dada, umri wote huo hujui?" Meijuan akasema, uzi umo mdomoni. "Mkono mtupu haulambwi. Mpelekee mwalimu kitu cha heshima, halafu uzungumze."

Suqin akaona kweli, hapo ndipo alipokosea. Alipata kipande cha sufu ya rangi ya maziwa yaliyoungua, baki la mzigo wa matajiri wa Milano, akakilipia kwa tajiri wake kwa kukatwa ujira. Kipimo hakuhitaji. Jicho la fundi lilikuwa limekwisha mpima Mwalimu Bardazzi siku ile ile wakati mdomo unasema ndiyo, ndiyo: mabega arobaini na sita, mikono mifupi kidogo, kifua kinataka nafasi. Alilishona kila jioni baada ya kazi, kwa juma zima, na vifungo akavitia kwa mkono. Alipomaliza, hata Meijuan alinyamaza kidogo, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Alikwenda nalo Januari, siku ya walimu kupokea wazazi, na alikwenda peke yake. Hakutaka Lanyi atafsiri na hilo. Kwenye ukumbi mrefu kulikuwa na wazazi kama kumi kwenye viti. Zamu yake ilipofika alisimama mlangoni, akainama, akautoa mfuko kwa mikono miwili. Mwalimu Bardazzi aliufungua akitabasamu. Akaona koti. Tabasamu likaondoka, shingo ikaanza kuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu.

Alisema hapana, mama, haiwezekani. Suqin hakuelewa, akausukuma mfuko mbele kidogo, akasema ahsante. Mwalimu akaurudisha, na sasa alizungumza kwa sauti kubwa na kwa kukata maneno, jinsi watu wanavyosema na kiziwi: mambo haya hapa hayafanywi, hapa hatununui walimu. Karatasi laini iliyofunika koti ilidondoka sakafuni. Mama mmoja kwenye kiti akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akaguna. Suqin akapiga magoti kuiokota karatasi ile, akiwa bado anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ahsante. Alitamani ardhi ipasuke aingie na viatu vyake vya harusi.

*

Langoni mwa shule alikaa Loriana, mfagizi na mlinzi wa mlango, mwanamke wa Prato mwenye nywele alizozipaka wekundu usiofanana na kitu chochote duniani. Alikuwa ameona kila kitu kutoka kwenye meza yake. Alimwita Suqin kwa kidole, akamwonyesha kiti, akauvuta ule mfuko bila kuomba ruhusa. Baba yake na babu yake walifia kwenye viwanda vya sufu vya mji huu, kwa hiyo alilishika koti kwa vidole viwili ndani na nje, kama mtu anayeijua kazi.

"Nani kashona?"

Suqin akajionyesha kifuani.

"Na unampa yule? Kwa nini?"

Suqin alikusanya Kiitaliano chake chote, cha miaka tisa ya sokoni na karakanani. Akasema: binti yangu, liceo. Mwalimu, shule ya kushona. Halafu machozi yakamtangulia.

Loriana alicheka, lakini si kwa dharau. Akampa kitambaa cha karatasi. Akamweleza polepole, kwa maneno machache na mikono mingi, kwamba karatasi ya walimu ni maneno tu. Mzazi ndiye anayeandikisha, mzazi ndiye anayechagua. Hata yeye walimwambia mwanawe hafai, akamwandikisha alikotaka, na leo mwanawe ni nesi.

"Lakini wewe nimekuona," akasema, akaiga jinsi Suqin anavyotikisa kichwa na ndiyo zake, sì, sì, sì. "Hapa anayefanya hivi amekubali. Hutaki? Mwambie no. Haya, niambie mimi."

Suqin akatabasamu kwa aibu. Akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

"Hiyo no ni ya kufukuza inzi," Loriana akasema. "Tena."

*

Nyumbani, Dehai alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, halafu akauliza kama kweli anataka wamkatalie mwalimu. Suqin akasema hajasema wamtukane.

"Na kama mwalimu ndiye mkweli?" Dehai akasema. Hili ndilo lililokuwa likimla siku zote. "Aende huko, ashindwe, kila mtu amcheke. Afike miaka kumi na minane hana cheti cha liceo wala cha ufundi. Hapo utamweka wapi? Utamweka pale." Akaonyesha upande wa karakana, kwenye mashine.

Lanyi alikuwa mezani, penseli imesimama juu ya daftari. Hakuna aliyemuuliza yeye. Hapo ndipo Meijuan alipoingia bila kubisha hodi, barua ya shirika la umeme mkononi, sauti ikimtangulia. Wamemwandikia bili ya mtu aliyehama, wanatishia kumkatia. Lanyi mwanangu, njoo unisomee.

Lanyi akasoma. Akaomba simu. Akasubiri muziki wa shirika uishe, na alipopokelewa akaanza kuzungumza. Mwanzo alizungumza kwa upole. Mtu wa upande wa pili alipojaribu kumfunga mdomo, Lanyi alimnukuu tarehe, nambari ya mkataba, na kifungu kilichoandikwa nyuma ya barua kwa herufi za sisimizi. Mara mbili alisema, kwa adabu, kwamba hapana, hilo halikubaliki, na kwamba angependa jina la anayezungumza naye. Robo saa ikapita. Alipokata simu, alimwambia shangazi Meijuan kwamba bili imefutwa, ataletewa barua, akarudi kwenye daftari lake. Kwake yalikuwa mambo ya kila juma.

Meijuan alimshukuru, akatoka. Dehai alibaki anaangalia ile simu.

"Kiitaliano hicho ndicho hakitoshi?" akauliza.

Akatoa mfukoni ile karatasi aliyoikunja mara nne, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Akauliza siku ya kuandikisha inafungwa lini. Lanyi akasema zimebaki siku nne. Kesho yake asubuhi, tajiri alipopiga simu kuuliza makoti, Dehai alimwambia kwamba leo hafungui mashine yake, ana kikao na mwalimu wa mwanawe. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kusema sentensi ya namna hiyo, na alipoisema akajisikia mrefu.

*

Mwalimu Bardazzi alipowaona watatu mlangoni, aliangalia kwanza mikono ya Suqin. Safari hii haikuwa na mfuko. Ilikuwa na madaftari matatu ya shule, yaliyochakaa pembeni.

Suqin alikaa kwenye ukingo wa kiti. Moyo ulimpiga kama cherehani iliyoachiwa. Mwalimu akaanza kusema kwamba siku ile anasikitika alipandisha sauti, na kwamba anadhani walikwisha elewana kuhusu shule ya ufundi.

"No," Suqin akasema.

Halikuwa la kufukuza inzi. Lilitoka zima, likakaa pale mezani kati yao, na Suqin mwenyewe akashangaa kwamba paa halikuanguka. Akaongeza, kwa sababu adabu ni adabu, "No, mwalimu. Ahsante."

Kisha akamgeukia mwanawe, akasema kwa lugha ya kwao, na Lanyi akatafsiri.

"Mama anasema, wewe umesema Kiitaliano changu hakitoshi. Anasema..." Lanyi akasita, masikio yamemwiva. "Anasema mambo mengi tu."

"Usipunguze," Suqin akasema. "Siku ile ya kukuhukumu hukupunguza. Sema yote."

Lanyi akamgeukia mwalimu. "Mama anasema kwa Kiitaliano hicho hicho baba alipoumwa mgongo mimi ndiye niliyemweleza daktari. Kwa Kiitaliano hicho, jirani yetu alizaa, mimi nikiwa nyuma ya pazia nikimtafsiria mkunga anachosema jirani na kumwambia jirani asukume. Kwa Kiitaliano hicho, watu kumi na moja wa mtaa wetu wamepata vibali vya kukaa. Anasema watu wazima wanaishi kwa Kiitaliano hicho. Kinawatosha kuishi, vipi mimi kisinitoshe kusoma?"

Dehai akasukuma madaftari mbele. Yalikuwa ya Lanyi ya kuandikia rasimu. Kila barua ya mtaa aliiandika humo kwanza, akaikata, akaiandika upya, ndipo akainakili safi: barua kwa manispaa, kwa hospitali, kwa mwenye nyumba asiyetengeneza bomba, kwa mahakama. Mwalimu Bardazzi alivaa miwani. Alisoma ukurasa, akageuza, akasoma mwingine. Makosa yalikuwamo, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka thelathini, ulikwenda kwenye kalamu nyekundu. Akaishika. Halafu akairudisha kwenye kikombe cha kalamu.

"Lanyi, miaka mitatu," akasema. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuniuliza, mwalimu," Lanyi akasema, akainamisha macho. Kisha akayainua tena.

Mwalimu Bardazzi alivua miwani. Mtu mzima anapojua alikosea, huwa ana njia mbili, na yeye, kwa sifa yake, alichagua ile ngumu. Alisema hakujua, na kwamba ilikuwa kazi yake kujua. Alisema mzazi ndiye anayeamua na yeye hatawazuia. Lakini asingewadanganya pia: Kilatini ni kigumu, na mtoto huyu mwaka wa kwanza atalia.

Hilo Suqin alilielewa bila kutafsiriwa. Akatafuta maneno, akayapata.

"Analia," akasema kwa Kiitaliano. "Halafu ananyamaza. Halafu anasoma."

Walishuka hadi ofisi ya karani. Fomu ikajazwa kwenye kompyuta, jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, shule iliyochaguliwa. Karani akasema mmoja wa wazazi abonyeze hapo ili ipelekwe. Dehai akajifuta kidole kwenye suruali. Kilikuwa na makovu ya sindano tangu ncha hadi kifundo. Akabonyeza mara moja tu, kwa nguvu, kama anayegonga muhuri. Walipotoka langoni Loriana hakuuliza kitu. Aliangalia nyuso zao, akapiga meza yake kofi moja, na watoto waliokuwa wanapita wakageuka.

Siku hiyo Suqin alikaanga tambi za mchele kwa mayai na kaa wadogo, chakula ambacho walikuwa wamekiweka cha mwaka mpya wa kwao, uliobakiza juma moja. Dehai alikula bakuli tatu. Alimwambia binti yake kwamba huko atakakokwenda akishindwa asimfiche, na akishinda asimfiche vilevile. Lanyi akacheka mpaka tambi ikampalia.

*

Lanyi alilia, kama mwalimu alivyosema. Oktoba alilia kwa sababu ya Kilatini, Novemba kwa sababu ya Kilatini. Alilia akiwa ameshika kamusi, akalala nayo, akaamka nayo.

Desemba, shule ya ngazi za mawe iliwaita wazazi. Dehai alikuwa na mzigo. Lanyi alisema ataomba ruhusa atoke darasani amtafsirie mama yake, Suqin akamwambia akae huko huko darasani, ndiko alikopelekwa.

Alifungua kabati. Lile koti lilikuwa limening'inia humo karibu mwaka mzima. Suqin alikuwa ameshona makoti ya Italia kwa maelfu na hakuwahi kuvaa hata moja. Alikuwa amelifumua mabega, akayapunguza kutoka arobaini na sita hadi yake thelathini na nane, akashusha mikono, akaacha vifungo vile vile. Akalivaa, akapanda ngazi za mawe akiwa na viatu visivyombana.

Mwalimu wa Kilatini alikuwa kijana mwembamba mwenye haraka. Aliangalia nyuma ya Suqin, akauliza nani atatafsiri leo. Suqin akakaa vizuri kitini, akasema, "Mimi."

Kijana yule akaanza kusema, mbiombio, maneno yakikanyagana. Suqin alisikia jina la Lanyi, akasikia nambari, akasikia neno ambalo labda lilikuwa zuri na labda lilikuwa baya. Kichwa chake kilitaka kutikisika chenyewe, kwa mazoea. Akakizuia.

"No," akasema. "Sijaelewa. Rudia, polepole."

Mwalimu akavua haraka yake kama mtu anavyovua kofia. Akarudia, neno kwa neno. Alisema Lanyi alianza na nne, akapanda tano, na mtihani wa juma lililopita amepata saba na nusu kati ya kumi. Alisema katika darasa lote waliompita ni wawili tu.

Suqin alingoja mpaka neno la mwisho limefika na limekaa. Ndipo akatikisa kichwa.